Kukataa Kuonewa Bila Kuchukia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimepiga magoti mara nyingi nikashindwa kumwombea mtu aliyemnyima mwanangu kazi kwa ajili ya kabila letu, tena akatamka hivyo waziwazi mbele ya watu. Katika uzito huo nimerudi kwenye Mathayo 5, na kwenye habari za Johannesburg ambazo zimenisaidia kuisoma.

Tarehe 11 Septemba 1906, Wahindi wapatao 3,000, Waislamu kwa Wahindu, walikusanyika katika ukumbi wa Empire Theatre kupinga mswada wa sheria wa Transvaal, koloni la Waingereza huko Afrika Kusini, uliowataka wajisajili upya kwa alama za vidole na kutembea na vyeti, kana kwamba asili yao ni hatia. Sheth Haji Habib, Mwislamu, ndiye aliyetaka azimio la kutoitii sheria hiyo liwe kiapo mbele za Mungu. Wakili wao, Mohandas Gandhi, akawaonya kwamba mwenye kuapa awe tayari kwa kifungo, kipigo na hata kifo. Wakasimama, wakainua mikono, wakaapa.

Wengi huanzia hapo na kuishia hapo, lakini mimi naona jaribu lenyewe lilikuja tarehe 10 Februari 1908. Gandhi alikuwa amepatana na Jenerali Smuts, waziri wa serikali ya Transvaal, kwamba watu wajisajili kwa hiari, akiamini kwamba sheria ile, iliyopitishwa mwaka 1907, ingefutwa, na baadhi ya wenzake wakaona amewasaliti. Akiwa njiani kwenda kujisajili, Mir Alam, aliyepata kuwa mteja wake, alimpiga kwa fimbo pamoja na wenziwe hadi akazimia. Mchungaji Joseph Doke wa Kanisa la Kibaptisti alimchukua nyumbani kwake, daktari akamshona shavu na mdomo, na Olive, binti mdogo wa mchungaji, akasimama nje ya mlango akamwimbia mgonjwa. (Olive huyo baadaye alikuwa mmisionari kwa Walamba, nchini Zambia.) Gandhi alimpelekea mwanasheria mkuu telegramu akiomba waliompiga wasishitakiwe, ingawa hatimaye walifungwa.

Sheria haikufutwa. Tarehe 16 Agosti 1908, mbele ya Msikiti wa Hamidia, vyeti zaidi ya 2,000 vilitiwa katika chungu kikubwa cha chuma chenye miguu mitatu, vikamwagiwa mafuta ya taa na kuteketezwa. Mir Alam alikuwapo. Alikiri kosa lake hadharani, akatoa cheti chake kichomwe, na Gandhi akamshika mkono kwa furaha.

Inanihuzunisha kwamba harakati ile haikuwakumbatia Waafrika, ambao Gandhi mwenyewe aliandika maneno ya dharau juu yao miaka ile. Akina mama Waafrika wa Bloemfontein, huko huko Afrika Kusini, walizikataa pasi, yaani vibali walivyolazimishwa kutembea navyo, wao wenyewe mwaka 1913, wakaingia gerezani.

Sasa niruhusuni nikemee. Tumeligeuza neno la shavu la pili kuwa kamba ya kumfungia mdomo aliyeonewa, huku aliyemwonea akiketi kiti cha mbele na kushukuriwa kwa sadaka yake. Bwana alisema tuwapende adui zetu. Hakusema tuuite uonevu wao haki. Aliyechoma cheti alikaidi amri mchana kweupe na akakubali kifungo, bila kuinua fimbo juu ya askari. Viongozi wa vikundi vya nyumbani, mtakapofundisha sura hii, msimwambie aliyebaguliwa anyamaze. Muulizeni anadai nini, kisha mchague nani atafuatana naye kwenda kudai.