Wa 8, wa 11, wa 20

Wiki hii nzima namfikiria Kazuhiro Koshi, Mjapani wa mchezo wa skeletoni. Kwa asiyeujua: mtu anakimbia ameinama huku anasukuma sleji ndogo ya chuma, anajitupa juu yake kifudifudi, kisha anateremka mfereji wa barafu akitanguliza kichwa. Usukani hakuna, breki hakuna. Kona anazikata kwa kukandamiza bega au goti, na akizidiwa anagusisha ncha ya kiatu kwenye barafu, ingawa kila mguso unamla kasi. Kidevu kiko sentimita chache tu juu ya barafu, na mwendo unapita kilomita 120 kwa saa.

Koshi alizaliwa mwaka 1964 mkoani Nagano. Alianzia kwenye bobusledi, sleji kubwa ya watu kadhaa wanaokaa, akahamia skeletoni mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hapo ndipo ninaposimama kila nikisoma habari zake. Wakati ule skeletoni haikuwemo kwenye Olimpiki. Mara ya mwisho ilishindaniwa St. Moritz mwaka 1948. Hapakuwa na medali ya kuiwania wala ahadi kwamba mchezo ungerudishwa. Mtu anakaribia miaka thelathini, na bado anauchagua.

Mfereji wa Spiral ulijengwa Nagano kwa ajili ya Olimpiki ya 1998, na una sehemu mbili zinazopanda badala ya kushuka. Ukikosea kona juu, kosa hilo linakudai pale kwenye mpando. Mwaka 2000, kwenye barafu hiyo ya nyumbani, Koshi alishinda mbio za Kombe la Dunia, Mjapani wa kwanza kufanya hivyo katika skeletoni.

Olimpiki ilipoufungulia mchezo mlango tena, Salt Lake City 2002, alikuwa na miaka 37. Akawa wa 8. Turin 2006, wa 11. Vancouver 2010, akiwa na miaka 45, wa 20. Wapo watakaozisoma namba hizo kama mtu anayeporomoka. Mimi sizisomi hivyo. Mfereji wa Whistler, uliotumika kwenye michezo hiyo ya Vancouver, ulikuwa umemuua Nodar Kumaritashvili wa Georgia, mchezaji wa luji (sleji ya kuteremka chali, miguu mbele), akiwa mazoezini siku ya ufunguzi. Haikupita hata wiki moja kamili, Koshi akalala kifudifudi juu ya sleji yake na kuuteremka mfereji uleule. Nimevuka arobaini, najua mwili wa umri huu unavyolalamika asubuhi, na namheshimu kwa mbio zile za Whistler kuliko hata kwa ushindi wake wa Nagano.

Namkumbuka pia Eiko Nakayama, aliyekuwa mwandishi wa gazeti huko Nagano kabla hajaingia mwenyewe kwenye barafu na kuiwakilisha Japani mwaka 2002 na 2006. Watu wa mchezo huu hawafanani na wa mingine.

Kinachoniuma ni kwamba tangu mwaka 2018 Spiral haigandishwi tena. Gharama zilikuwa kubwa mno. Kijana wa Kijapani anaweza kujifunza kukimbia na kusukuma sleji yenye magurudumu popote pale, lakini kona hazijifunzwi bila barafu. Koshi alikuwa na mfereji mkoani kwao. Hawa wa sasa inabidi wapande ndege kwanza.