Nilivyochagua laibrari ya kuchora grafu za 3D

Nafundisha hisabati kidato cha tano na cha sita hapa Mbeya, na jioni naandika programu ndogo ya kuchorea grafu. Zile za x na y tu hazikunisumbua. Kazi ilikuwa kwenye 3D, yaani zenye x, y na z, maana kompyuta za maabara yetu ni za zamani, nyingi hazina kadi ya picha ya maana, na intaneti ni bando la mfukoni mwangu.

Kila laibrari, yaani mkusanyiko wa msimbo ulioandikwa tayari na wengine, niliipa mtihani mmoja: chora z = x² − y², ule uso wenye umbo la tandiko, halafu pitisha bapa (uso ulionyooka kabisa) z = 0 katikati yake. Viwili hivyo hukatana kwenye mistari y = x na y = −x, ikaonekana herufi X. Matplotlib, laibrari ya lugha ya Python ninayoipenda sana kwa grafu za kawaida, ilikwama papo hapo. Sehemu yake ya 3D haipimi kina cha kila nukta kwenye skrini. Inapanga vipande kwa umbali, vya mbali vinatangulia kuchorwa, na uso mmoja unamalizwa wote ndipo uanze mwingine. Bapa likafunika tandiko zima kama kitambaa cha meza, X haipo. Wanaoitengeneza hawafichi hilo. Maelezo yao yanakuelekeza kwa Mayavi, laibrari nyingine ya Python.

Mayavi inategemea VTK, mfumo wa kuchora 3D, na suala la kina imelimaliza, lakini nilihitaji kitu kinachofunguka ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Laibrari ya Plotly inatumia WebGL, njia ya kivinjari ya kuchora 3D, X ikatokea safi. Wengi wangeishia hapo, na wala si vibaya. Mimi nilitaka mwanafunzi avute kitelezi, bapa z = c lipande taratibu, aone X ikiachana na kuwa haipabola (mikunjo miwili isiyogusana), na nilitaka kuushika mchoro huo mwenyewe hadi pembetatu ya mwisho kati ya zile zinazounda uso.

Nikaichukua three.js, laibrari ya JavaScript ya kuchora 3D kwenye kivinjari, aliyoitoa Ricardo Cabello mwaka 2010. SageMath, programu huria ya hisabati, nayo iliiweka mahali pa kionyeshi cha Jmol kama chaguo la kawaida la 3D. Gharama yake uijue mapema: hisabati haiijui kabisa. Mihimili, namba za pembeni, rangi za kimo, vyote utaandika mwenyewe. Tena kwake y ndiyo inayoelekea juu, kwetu ni z, kwa hiyo kamera ielekezwe upya kabla hujaweka OrbitControls, sehemu inayokuwezesha kuzungusha mchoro kwa kipanya. Gridi ya 100 kwa 100, yaani nukta 10,000, inatoa uso laini; kwenye mashine dhaifu naishusha hadi 60 kwa 60, na darasani hakuna anayegundua.

Kitu kingine: matoleo mapya ya three.js huja kama moduli (mafaili ya msimbo yanayoitana), na kivinjari hukataa kupakia moduli kutoka faili uliyoifungua kwa kubofya tu. Nikaunganisha kila kitu kuwa faili moja ya HTML. Sasa inasafiri kwa flashi, na walimu wenzangu wa Tukuyu wanaifungua bila bando.