Meli Ikae kwa Watazamaji: Ninavyotoa Mchezo Ndani ya Mchoro Maarufu

Mchoro wa kuzalisha mchezo nauchagua kwa swali moja tu: ndani yake yupo mtu anayetaka kitu na bado hajakipata? Kama hayupo, hata uwe maarufu namna gani, naurudisha kwenye faili. Ndiyo maana Mona Lisa simpeleki kwenye klabu ya maigizo. Wanafunzi humsimamisha asimulie maisha yake dakika tano, na hiyo ni hotuba. Karamu ya Mwisho ya Leonardo ina kasoro nyingine: kila mtu anaijua hadithi kabla ya kuitazama, kwa hiyo hawaitazami. Wanaigiza walichosikia kanisani, na picha inabaki ukutani kama kalenda ya mwaka jana. Yowe la Munch nimelijaribu mara mbili. Mara zote mbili nimepata mayowe.

Unaonifaa kuliko yote ni Chelezo cha Medusa wa Théodore Géricault, ulioonyeshwa Paris mwaka 1819 na sasa uko kwenye jumba la makumbusho la Louvre. Una kimo cha mita 4.91 na upana wa mita 7.16, yaani unakaribia ukuta mzima wa darasa. Watu kama ishirini wamerundikana juu ya mbao zilizofungwa kwa kamba. Kushoto na chini wapo wafu na waliokata tamaa. Kulia wanainuka mmoja nyuma ya mwingine mpaka kwa mtu mweusi aliye juu ya pipa, anapunga kitambaa. Upeoni kabisa, ndogo kama punje ya mtama, kuna meli.

Punje hiyo ndiyo mchezo wote, na ndiyo ya kwanza kupotea mkichapisha vibaya. Kwenye karatasi ya A4 iliyotolewa na mashine ya wino mweusi, meli inageuka doa na wanafunzi wanadhani ni uchafu wa mashine. Nachapisha A3 ya rangi, nakala moja kwa kila kundi la watu sita, na karatasi ya pili yenye kipande cha upeo peke yake kilichokuzwa. Hiyo ya pili naificha. Simu haifai: watu sita hawawezi kuinamia kioo kimoja, na mwenye simu ndiye anayeamua wengine waone nini.

Kipindi cha kwanza cha dakika 40 hakina kuigiza. Dakika tatu za kutazama kimya, kwa saa. Baada ya hapo kila mmoja anaandika vitu kumi alivyoviona, kwa nomino na vitenzi tu. Sifa hapana, hisia hapana. Akiniandikia "mzee mwenye huzuni" namrudishia karatasi, kwa sababu huzuni haionekani. Kinachoonekana ni mzee mwenye kitambaa chekundu kichwani, amekaa, mkono mmoja umemzuia kijana aliyelala mapajani asiteleze majini, na ni yeye anayewapa mgongo wote wanaopunga. Sharti hili linawaudhi kwa dakika kumi za mwanzo, lakini silegezi. Neno "huzuni" likiingia mapema, mwigizaji anakunja uso na kazi yake inaishia hapo. Akipewa mkono unaozuia mwili usiteleze, ana kazi ya kufanya jukwaani.

Mwisho wa kipindi natoa karatasi ya upeo. Kuna darasa zima ambalo halikuwa limeiona meli. Hapo hawaulizi tena kwa nini yule anapunga.

Kipindi cha pili ni picha ganda. Wanajipanga kama mchoro na kuganda kwa sekunde 20, si zaidi. Aliyeinua mkono huanza kutetemeka kadiri sekunde zinavyosogea, na akitetemeka mmoja wanacheka wote. Mnara wa watu usijengwe mabegani kwa mabega. Pipa letu ni kreti nne za soda zilizopinduliwa na kufungwa kamba kwa pamoja, kimo kisichozidi goti. Wa juu anakanyaga kreti kwa miguu yote miwili, mmoja wa chini anamshika mkanda na mwingine paja. Kiti hakitumiki. Kiti hukimbia nyuma mtu anapoegemea mbele, na kuegemea mbele ndiyo kazi yote ya huyu wa juu.

Sasa tatizo ambalo kila mwongozaji wa mchezo huu atakutana nalo. Meli iko nyuma ya picha, kwa hiyo wenye matumaini wote wametupa migongo. Kwenye mchoro ni uzuri mtupu: jicho linapanda kwenye migongo yao kama ngazi. Jukwaani ni balaa. Sauti zinaenda ukutani, nyuso hazionekani, na watazamaji wanabaki na wafu. Wanafunzi hujaribu kusimama upande, wakawa kama watu wanaosubiri daladala.

Dawa niliyoipata ni kuugeuza mchoro mzima. Meli inakaa kwa watazamaji, juu kidogo ya vichwa vya safu ya mwisho. Nagonga msumari hapo na kuning'iniza kitambaa cheupe ukubwa wa kiganja, ili macho yote yaende sehemu moja. Bila alama hiyo kila mwigizaji ana meli yake. Ghafla wanaoomba msaada wanatuomba sisi tuliokaa. Na yule mzee ambaye mchoroni anatutazama sisi, sasa ndiye anayetupa mgongo. Usimpe maneno. Mgongo wake peke yake, katikati ya mikono yote inayopunga, watazamaji wataushangaa tangu mwanzo hadi mwisho.

Historia naitoa kipindi cha tatu, kwa kuwa ikija kabla yake wanaacha kutazama na kuanza kukariri. Meli ya kivita ya Ufaransa, Méduse, ilikuwa ikielekea Saint-Louis, Senegal, ikakwama tarehe 2 Julai 1816 kwenye fungu la mchanga la Arguin, pwani ya Mauritania ya leo. Mashua hazikutosha watu wote. Likaundwa chelezo la mita 20 kwa 7, wakapakiwa watu wasiopungua 147, likokotwe na mashua. Mashua zikaachia kamba. Baada ya siku 13 meli iitwayo Argus ilikuta hai watu 15.

Vipimo hivyo tunavipeleka uwanjani. Mita 20 kwa 7 zinachorwa kwa majivu au chokaa, na tukipata madarasa matatu au manne tunawaingiza ndani ya mstari. Ni chini ya mita moja ya mraba kwa mtu. Nawaomba wakae chini wote kwa wakati mmoja, kisha waniambie nani amekosa pa kukaa. Mistari bora ya mchezo hutoka hapo, yote mifupi: "Toa mguu wako." "Huu si wangu." Baada ya zoezi hilo hakuna anayeniandikia tena mazungumzo ya kurasa mbili kuhusu uhuru na utu.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo linalopanga mchezo. Walionusurika walieleza kwamba waliiona Argus, ikatoweka, na ikarudi baada ya saa kama mbili. Géricault alichagua ile mara ya kwanza, wakati hakuna anayejua kama wameonekana. Kwa hiyo mchezo wetu wa dakika 12 una sehemu tatu zisizolingana: dakika mbili kamba inapoachiwa, dakika tatu za kugombea nafasi na maji, na zile saba zote za meli kuonekana na kutoweka. Wanafunzi watataka kumalizia kwa uokozi na wimbo. Ukiwaruhusu, kila kitu kilichotangulia kinakuwa njia ya kufika kwenye wimbo. Mimi nakata pale mikono inaposhuka, mmoja mmoja, wa juu kabisa akiwa wa mwisho. Tumehesabu: mkono wa mwisho ubaki juu kwa sekunde 15 baada ya mingine yote. Kwa sekunde tano watazamaji hawaoni kitu, na zikifika thelathini wanapiga makofi ya kuwahurumia waigizaji.

Sauti ya bahari ni ungo wenye vikombe viwili vya kunde kavu, ukiinamishwa polepole upande mmoja, kisha mwingine, kila upande kwa pumzi moja ndefu. Ukiharakisha, mvua inanyesha. Maleba ni mashati ya zamani na viraka vya khaki, na kitambaa chekundu kimoja tu, cha mzee. Chekundu cha pili kikiingia jukwaani, jicho linapotea.

Tahadhari mbili. Wakisoma zaidi watakuta kwamba kwenye chelezo watu walikula nyama ya waliokufa. Kwa vidato vya chini silifungui. Kwa wakubwa naliacha liingie kama kimya, mtu anaulizwa amekula nini siku hizi zote na hajibu. Pia, kwenye shule za kando ya Ziwa Victoria au visiwani, ulizia kwanza. MV Bukoba ilizama 1996, Spice Islander 2011, MV Nyerere 2018, na huenda aliyekaa mbele yako alibaki bila baba kwa sababu ya moja ya hizo. Mchoro mwingine upo.

Kwa kundi dogo natumia Kuitwa kwa Mathayo wa Caravaggio, ambamo Yesu anamwita Mathayo mtoza ushuru amfuate; ulichorwa kati ya 1599 na 1600, uko kanisa la San Luigi dei Francesi, Roma. Una watu saba: watano mezani kwenye fedha, wawili wameingia kutoka kulia pamoja na mwanga. Mwenye ndevu ananyoosha kidole, na mpaka leo watu wanabishana: anajinyooshea yeye, au yule kijana aliyeinama kuhesabu sarafu pembeni yake? Tunaucheza mara mbili. Mara ya kwanza Mathayo ni mwenye ndevu, mara ya pili ni kijana, bila kubadilisha neno hata moja. Wanafunzi wanagundua wenyewe kwamba kinachobadilika ni anayeacha kuhesabu. Mwanga ni tochi moja kutoka kulia, juu ya kichwa cha anayeingia, madirisha yakifunikwa khanga nzito. Tochi ya simu ni nyeupe mno na inachoma macho. Ifunike kwa karatasi ya kaki.

Nighthawks ya Edward Hopper, ya 1942, ina watu wanne kwenye mgahawa wa usiku, na mlango wa kutokea barabarani hauonekani. Ni mtego. Kundi la kwanza daima huleta bastola. Nawapa mistari sita kwa jumla, na hakuna ruhusa ya kusimama ila kwa muuzaji. Mkono wa mwanamume na wa mwanamke viko karibu kugusana kaunta. Wenye subira huanzia hapo.

Siku ya onyesho mchoro hauning'inizwi jukwaani wala haurushwi kwa projekta. Ukionyeshwa mwanzoni, watazamaji wanakagua kama mmefanana, na daima hamfanani. Tunaubandika mlango wa kutokea, A3 ileile iliyokunjamana mazoezini, pamoja na kipande cha upeo pembeni yake. Watu wanasimama pale, wanaitafuta meli kwa kidole.