Mashua jioni: picha iliyokosa mnunuzi narudi nayo mezani

Mashua tatu ufukweni jua likizama, rangi za mafuta kwenye kanvasi. Watu husimama mbele yake, huisifia, kisha huenda kununua nyingine. Nimeitoa kwenye fremu.

Kabla ya yote, vanishi, ule utando wa juu unaokinga picha. Pamba iliyoloa tapentaini imetoka na umanjano, kumbe vanishi ipo, na rangi mpya haikai juu yake: siku ikisafishwa, marekebisho yote yanaondoka nayo. Nimefuta kipande kwa kipande, madirisha wazi, nikibadilisha pamba kila ikichafuka. Pamba ikionyesha rangi ya picha yenyewe, hapo unaacha mara moja.

Kisha nikaipiga picha kwa simu, nyeusi na nyeupe. Anga, maji, mashua, vyote kijivu kimoja! Chungwa na buluu vilikuwa vinagombana kwa rangi tu, giza na mwanga havikuwa na kazi. Na mashua zenyewe zimeachana sawasawa kama wanafunzi mstarini.

Basi, mashua ya katikati inaondoka. Kuipaka juu tu hakutoshi, maana matuta ya brashi yangeonekana kila taa ikipiga kwa ubavu, tena rangi ya mafuta huzidi kupenyeza mwanga kadiri miaka inavyokwenda, na mashua iliyozikwa ingeanza kuchungulia. Nimeyasugua matuta kwa msasa laini uliolowa maji, vumbi lisiruke. Baadhi ya rangi zina madini ya risasi au kadimiamu, si vitu vya kuvuta puani.

Baadaye nikapaka mafuta ya kitani, membamba kabisa, nikayafuta kwa kitambaa. Sehemu zilizokuwa zimepauka zikarudisha kina chake, na hapo ndipo unapoweza kuchanganya rangi mpya ikalingana na ya zamani. Akriliki, rangi ya kuchanganywa na maji, siigusi, juu ya mafuta hubanduka. Kila tabaka linalofuata nalizidishia mafuta kidogo, lisije likapasuka.

Hadi sasa: maji yamepata utando wa buluu nzito, mashua ya kushoto imeingia kivulini, na mwanga mkali umebaki kwenye ukingo wa ile ya kulia peke yake. Nimepunguza zaidi ya nilivyoongeza, na naona ndivyo inavyotaka.

Kamba ya nanga bado inanikera, inavuta jicho nje ya picha. Naikata fupi tabaka hili likikauka. Vanishi mpya isubiri angalau miezi 6.