Witu iko njiani, shukeni siku moja

Watu wengi wakienda Lamu wanapita Witu, kale kamji ka pwani ya Kenya, wamelala kwa basi. Mi pia nilikua hivo hivo, mpaka safari hii nikamwambia konda aniteremshe, akanitazama juu mpaka chini, "kwani hapa una jamaa?" nikamwambia sina, nataka tu kuona mji uliochomwa na Waingereza. Akacheka, akagonga bodi, basi likaenda zake.

Tulikua tumetoka Malindi asubuhi, Sabaki, Mambrui, Gongoni, kisha Minjila tukashika njia ya Lamu, na huku ndo safari inakua ndefu maana askari wanasimamisha gari mara kwa mara waangalie vitambulisho. Usisahau kipande nyumbani, nakwambia.

Sasa Witu. Ukishuka utaona maduka, bodaboda, maembe kama ni msimu wake, basi. Nikamuuliza kijana wa boda nyumba ya sultani iko wapi, akaniuliza "sultani gani?" Akanipeleka kwa mzee mmoja aliyekaa kwa kivuli karibu na msikiti. Shikamoo, marahaba mwanangu, nikamweleza shida yangu. "Nyumba watafuta? Nyumba si walizitia moto." Afu akanisogezea mkeka nikae.

Stori yenyewe kwa ufupi: sultani wa Witu, Ahmed bin Fumo Luti, waliyemwita Simba, alikua wa ukoo wa Nabahani, watawala wa kisiwa cha Pate, na Wanabahani hawa hawakukubali kuwekwa chini ya sultani wa Zanzibar, ndo akahamia bara, huku msituni Witu. Watumwa waliotoroka kwa mashamba ya pwani, wale watoro, wengi wakakimbilia upande huu. Wala tusimfanye malaika, na kwake utumwa ulikuwepo vile vile. Mwaka 1885 akaingia mkataba na Wajerumani, wale ndugu wawili Denhardt ndo waliofanya mipango, akihesabu kwamba Mjerumani atamzuia Zanzibar asimsumbue. Na kwa hesabu za wakati ule mi naona hakua mjinga.

Tatizo ni kwamba tarehe 1 Julai 1890 Mjerumani na Mwingereza walikaa kivyao huko Ulaya, Mjerumani akapewa kisiwa cha Heligoland, kijisehemu tu katika Bahari ya Kaskazini, na yeye akaachia madai yake Zanzibar na Witu. Simba alishafariki, aliyekua kwenye kiti ni Fumo Bakari, na hakuna aliyemuuliza neno! Miezi miwili mitatu baadae Mjerumani mmoja, Küntzel, aliyekuja kwa biashara ya mbao, akagombana na watu wa Witu akauawa yeye na wenzake kadhaa. Sasa hapa ndo kichekesho chenyewe kama unaweza kucheka: waliokufa ni Wajerumani, waliokuja kulipiza ni Waingereza, kwa sababu "mwenye mali" alishabadilika. Oktoba ya mwaka huo huo Admirali Fremantle wa Uingereza akashusha zaidi ya watu 900 wakapanda kutoka Kipini, Mkunumbi ikachomwa, na Witu ikachomwa. Fumo Bakari akakimbilia Jongeni msituni, mwaka uliofuata akafa, lakini vita havikuisha, ndugu yake Fumo Omari aliendelea kuwasumbua na ikabidi waje tena na jeshi 1893.

Nikamuuliza mzee mbona hakuna hata kibao. Akasema "kibao cha nini, twajua wenyewe." Sikua na la kujibu.

Nikapata gari jioni mpaka Mokowe, boti, Lamu. Kesho yake nikazunguka na ile stori kichwani na mji ukawa mwingine kabisa. Ile posta ya Wajerumani iliyo makumbusho sasa, ilifunguliwa 1888, ikafungwa 1891, yaani miaka hata mitatu haikufika na tayari wameuza wakaondoka. Ngome nayo, watalii wanapiga picha mlangoni, toka 1910 ilikua jela, Mwingereza kaondoka na sisi tukaendelea kufungia watu humo humo mpaka 1984.

Usiku nikakaa barazani na watu wa mtaa nikawapa habari za Witu, wakaanza kubishana nani alikua mbaya zaidi, Mjerumani, Mwingereza ama Zanzibar, kelele mpaka kahawa ikapoa. Mmoja alinyamaza muda mrefu, afu akasema moto si kitu, nyumba hujengwa tena, kilichotumaliza pwani ni ile sheria ya ardhi ya 1908. Mtu alitakiwa aende ofisini adai shamba lake na aonyeshe ushahidi, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya mkoloni. Mtu analima palipolimwa na babu yake, nani atamwandikia ushahidi? Uhuru ulipokuja serikali mpya ikarithi ile ardhi ilivyo, na ndo utasikia mpaka sasa watu wanaitwa maskwota, yaani wakaaji wasio na haki ya ardhi, kwao wenyewe. Yeye mwenyewe shamba lake la minazi upande wa bara halina hati, kesho anavuka na boti ya kwanza kwenda kuulizia faili, akatuuliza kuna anayemjua mtu ofisi ya ardhi. Hatukumjua.