Magurudumu kwanza, kapla baadaye

Behewa la treni ya mfano likitazamwa ubavuni, watengenezaji wa siku hizi wanajua kutudanganya. Rangi imetulia, ngazi ni nyembamba, na maandishi madogo yanasomeka hadi tarehe ya kupimwa uzito. Ligeuze sasa ulitazame kwa kichwani. Magurudumu yamenenepa kupita kiasi, na mbele yake imetokeza kapla, kile kiungo cha kushikanisha mabehewa, kubwa kama ngumi. Mtu ananunua behewa la bei, analichafua kwa brashi usiku kucha lionekane limetumika, halafu anaacha sehemu hizo mbili jinsi zilivyotoka kiwandani. Hilo ndilo linaloniudhi.

Mimi ni mtu wa HO, kipimo cha 1 kwa 87, na mabehewa yangu ni ya mizigo, ya Marekani ya miaka ya 1960 na 1970. Gurudumu halisi la behewa kama hilo lina upana wa karibu inchi 5.7. Ukilipunguza kwa kipimo chetu unapata milimita 1.7 hivi. Lakini gurudumu la kawaida la HO lina milimita 2.8. Lingekuzwa kufikia ukubwa wa kweli, lingekuwa na upana wa zaidi ya inchi 9! Hayo tunayaita ya 110, kwa sababu upana wake ni sehemu 110 kati ya 1000 za inchi moja. Kuna mengine ya 88, milimita 2.2 na kidogo, na hayo ndiyo ninayofunga. Bado si ya kweli kabisa, ila jicho linaridhika.

Wapo wanaokwenda hadi mwisho, upana halisi na ukingo halisi, yaani ule mdomo wa gurudumu unaolizuia lisitoke relini. Nawavulia kofia, lakini wao hulazimika kujenga upya hata pointi zao, pale njia moja ya reli inapogawanyika kuwa mbili. Hata ya 88 yana usumbufu wake: pale katikati ya pointi, reli zinapokatana, pengo limepimwa kwa gurudumu pana, kwa hiyo jembamba linaweza kudumbukia kidogo na behewa likainama. Kwenye pointi zangu zilizokuwa na tabia hiyo nilibandika ukanda mwembamba wa plastiki kwenye sakafu ya pengo hilo, ukingo ukapata pa kukanyaga. Kuchezacheza kukaisha.

Kubadilisha ekseli kwenyewe ni kazi ndogo. Unapanua kigari, yaani ile fremu ndogo chini ya behewa inayobeba ekseli, kwa vidole, ekseli ya zamani inachomoka, mpya inaingia. Ugumu uko kwenye ncha. Ekseli za HO zina urefu wa karibu milimita 25.8, ila kila mtengenezaji ana milimita zake. Ikiwa ndefu mno inabana, ikiwa fupi mno behewa linayumba. Kabla ya kuweka chochote nazungusha kile kifaa cha kusafisha matundu ya beringi, chenye ncha ya nyuzi 60, mara chache tu kila upande. Kisha naliweka behewa juu ya ubao ulioinama kidogo. Likianza kushuka lenyewe, basi. Kwa vigari vya chuma kuna jambo moja zaidi: gurudumu moja la kila ekseli limetengwa na umeme, na magurudumu hayo yote yakae upande mmoja, vinginevyo reli zako mbili zitakutana kiumeme kupitia kigari.

Rangi naipaka kabla ya kufunga, uso wa gurudumu tu. Sehemu inayokanyaga reli iachwe tupu. Vigari vyenye beringi za rola navipa kahawia ya kutu. Vile vya zamani vya beringi za mafuta vinataka weusi mzito, kwani mafuta yalikuwa yakivuja na kushika vumbi.

Sasa nifike kwenye mpangilio, maana hapa nabishana na wengi. Watu hufunga kapla mpya kwanza kwa sababu ndiyo raha yenyewe, magurudumu wakayaacha kwa siku nyingine. Lakini kimo cha kapla hupimwa kutoka juu ya reli. Behewa la makaa la tani 100 linastahili magurudumu ya inchi 36, yaani milimita 10.5 kwetu, na mara nyingi huja na yale ya inchi 33, milimita 9.6. Ukiyarekebisha, behewa zima linapanda zaidi ya milimita 0.4. Hata ile pete nyembamba ya kuinulia behewa, washa nyekundu ya Kadee, watengenezaji wa kapla, iliyo nene, haifiki hapo. Kwa hiyo kimo ulichokipata kwa taabu kinaharibika chote.

Na kapla ndogo hazisamehi kimo. Kadee namba 5, tuliyoizoea sote, ina kichwa kikubwa kuliko kipimo, hivyo hata ikikosea kidogo inashika. Namba 58, au 158 ambayo springi yake ya kurudisha katikati imeungana na mkono, ina kichwa cha kipimo. Tofauti ndogo tu ya kimo na treni inakatika kwenye mteremko. Naweka geji ya kimo kwenye reli, nalisogeza behewa, natazama kwa tochi. Likiwa chini, naongeza washa juu ya kigari. Likiwa juu, napiga tupa mahali kigari kinapokalia.

Kisanduku cha kapla kikae kwenye mwili wa behewa, si kwenye kigari. Kapla ikiwa imeshikwa na kigari, ukisukuma treni ndefu kinyumenyume kigari kinapindishwa na magurudumu yanapanda reli. Nakata ule mkono wa kigari unaobeba kapla kwa msumeno mwembamba, natoboa, nakata hesi, nafunga kwa skrubu. Sitegemei gundi hapo.

Kuna kapla za Sergent, za kipimo kamili, zinazofunguliwa kwa kijiti cha sumaku kinachoinua gololi iliyo ndani. Nzuri sana. Ila haziungani na Kadee, na mimi siwezi kugawa mabehewa yangu makundi mawili yasiyosalimiana.

Umebaki ule waya uliopinda chini ya Kadee, unaojifanya bomba la hewa la breki huku kazi yake ni kuvutwa na sumaku ili mabehewa yaachane. Mimi naukata, napachika bomba la mpira pembeni, mahali pake pa kweli, na kuachanisha mabehewa natumia kijiti cha mwanzi: unakichomeka kati ya vichwa viwili, unazungusha. Mwenye sumaku kwenye reli zake auache, ila apime ncha yake isishuke chini mno, maana itanasa kwenye pointi ya kwanza.