Kijivu na sauti ya dada kwenye simu

Juzi mtoto wa dada kaniuliza, eti mjomba, paka akiachwa anakumbuka? Nikakaa kimya kwanza, maana pale pale nikamkumbuka Kijivu, paka wetu.

Dada alipoolewa akahama, Kijivu alibaki na sisi. Chakula akawa anadonoa anabakiza, siku nzima kalala kwenye sweta kuukuu la dada ambalo mama alikataza lisifuliwe. Baba akasema atazoea, paka ni paka.

Sasa jioni moja dada kapiga simu, nikaweka spika, simu iko mezani. Ile kusema tu "Kijivu, wewe," masikio yakageuka kabla ya kichwa. Akashuka kabatini, akapanda mezani, akaanza kusugua shavu kwenye kona ya simu, upande huu, upande huu, vile vile alivyokuwa anamsugua dada miguuni akirudi kazini (paka ana tezi za harufu mashavuni, anampaka yule anayemhesabu ni wake). Alafu akazunguka nyuma ya simu kuchungulia. Hakuna mtu. Akaingiza mkono chini yake, akaibinua, akachungulia tena, akatoa mlio mrefu ambao sijawahi kuusikia kwake. Dada kule anacheka huku analia, "amenikumbuka, mwiteni tena!" Mama akasema zima hicho kitu, mnamtesa. Mimi nimeshika simu, sijui nimsikilize nani.

Dada alipokuja kututembelea alifungua mikono toka mlangoni. Kijivu akanusa viatu, akanusa begi, akaenda zake dirishani, akampa mgongo. Dada aliumia jamani. Nikamwambia umekuja na harufu ya nyumba nyingine, kaa chini, usimbebe, mwache aje mwenyewe. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon State kule Marekani waliwaacha paka peke yao chumbani dakika 2 alafu mlezi akarudi, na karibu theluthi mbili walitulia wakaendelea kuchunguza chumba mlezi akiwepo. Yaani kwa paka wengi kukupenda ni kutulia ukiwepo, sio lazima akurukie, na mi naamini hivyo kabisa.

Usiku ule Kijivu alimaliza bakuli lote. Nikamwita dada aone. Akaliangalia, akasema sawa, nimefurahi amekula, lakini si angenipandia hata mapajani kidogo tu? Na yeye namwelewa.